Kwa Kijana Anayetaka Kujenga Hoteli Bwejuu

Mwanangu, nimesikia umepata mshirika mwenye mtaji na mnataka kujenga hoteli ya vyumba 12 hapa kwetu, upande wa pwani. Allah akujaalie. Nakuomba jambo moja: kabla hujaagiza hata gari moja la kokoto, mlipe msanifu na mhandisi wakuchoree ramani ya kiwanja hiki hiki. Hiyo uliyonionesha kwenye simu ilichorwa kwa ajili ya bara, kwenye udongo mwekundu, mbali na chumvi.

Jiwe letu linadanganya. Fundi akilipiga sururu mkono unamuuma, basi anasema msingi usishuke sana. Kumbe chini mna mapango. Mhandisi atachimba mashimo ya majaribio pale zitakapokaa nguzo, ndipo achore. Na jiwe hilo hilo hupitisha maji upesi: uchafu wa vyoo 12 ukimwagwa kwenye shimo la kubahatisha utafika kisimani, na utafika baharini wanakolima mwani mama zako. Ramani isiyoonesha karo lilipo, kina chake na umbali wake na visima, irudishe.

Halafu kuna chumvi. Nenda katazame nguzo za baraza kwenye majengo yaliyo karibu na maji. Utaona ufa mwembamba umepanda wima, sambamba na nondo, na kando yake doa la kahawia. Kutu hiyo. Chuma kikishika kutu huvimba, na kinavyovimba kinalisukuma zege mpaka libanduke. Nondo iliwekwa karibu mno na uso wa nguzo, au mchanga ulichotwa ufukweni kwa kuwa ni rahisi. Mchoro mzuri unaandika zege lifunike nondo kwa sentimita ngapi (kwa pwani yetu mimi siridhiki chini ya 5) na mchanga uwe wa aina gani. Fundi asiye na mchoro atafanya alivyozoea, na huna haki ya kumlaumu.

Msidhani wazee walibahatisha. Vyumba vya nyumba za mawe Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki sana zaidi ya mita 3 ikabeba dari zito la mawe na chokaa. Kipimo kilijulikana kabla ya jiwe la kwanza.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka likaua watu 36. Ghorofa zilikuwa zimezidi kibali. Wewe hujengi 16, najua, ila tamaa ni ile ile: biashara ikinoga, mtu anapandisha ghorofa ambayo nguzo zake hazikuhesabiwa. Kama una nia hiyo, mwambie mhandisi sasa.

Mamlaka ya Mazingira, ZEMA, nao usiwaone wasumbufu wakikuuliza ukuta wako utakaa wapi. Ukuta ukiwekwa mawimbi yanapofika, mchanga wa mbele yake huondoka, na ufukwe wa jirani hufuata. Kwa hiyo msanifu wako asije kupima maji yamekupwa. Mlete siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, mtie vigingi pale yalipoishia, kisha ndiyo aanze kuchora.