Mwalimu wa Mbio na Amana ya Mwanafunzi

Tarehe 24 Septemba, 1988, mjini Seoul, Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79. Siku tatu baadaye alivuliwa nishani ya dhahabu, kwa kuwa stanozololi, dawa iliyokatazwa, ilionekana katika mkojo wake.

Lawama zilimwelemea mkimbiaji. Lakini nyuma yake alikuwapo mwalimu, Charlie Francis, ambaye mwaka 1989 alikiri mbele ya tume ya Jaji Charles Dubin kuwa Johnson alianza kutumia dawa mwaka 1981. Kijana huyo alikuwa hajatimiza miaka 20.

Hoja ya Francis haikuwa ya mjinga. Aliamini kuwa washindani wakubwa walitumia dawa, na kwamba asiyetumia alianza mbio nyuma ya mstari. Ikiwa ndivyo, je, kumnyima mwanafunzi dawa si kumdhulumu? Hoja hii ina nguvu kwa mtu ajichaguliaye mwenyewe. Katika kinywa cha mwalimu hulegea. Mkimbiaji hujikabidhi: huambiwa ale nini, alale lini, akimbie mara ngapi, naye hutii kabla ya kuelewa, maana pasipo utii huo hapana mafunzo. Ridhaa iliyozaliwa na utii wa namna hiyo ni ridhaa ya nani?

La kusikitisha ni kuwa Francis aliijua kazi yake. Alifundisha kwamba kasi hukuzwa kwa mbio chache za nguvu zote, zenye mapumziko marefu kati yake, kisha kesho yake mwili upewe kazi nyepesi. Walimu wengi wangali wakiifuata njia hiyo. Ingalimfikisha wapi Johnson peke yake, hapana awezaye kusema, hata Johnson mwenyewe.