Jicho la Mkubwa na Amana ya Mtumishi

Huulizwa: mtumishi wa serikali hufanya kazi kwa kumchelea mkubwa wake, au kwa kuiona kazi kuwa ni amana shingoni mwake? Na ikiwa ni kwa khofu, je, khofu yatosha?

Imamu Al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafi'i aliyefariki mwaka 450 wa Hijra (1058), alihesabu katika kitabu chake Al-Ahkam al-Sultaniyya mambo kumi yampasayo mtawala. La kumi ni kuyatazama mambo kwa nafsi yake, asiwaachie manaibu naye akashughulika na anasa, wala hata na ibada. Kwani mwaminifu naye huenda akakhini. Basi halaumiwi mtawala atokaye kwenda kutazama. Rais Magufuli wa Tanzania, mara baada ya kuapishwa Novemba 2015, alikwenda kwa miguu Wizara ya Fedha akakuta viti vitupu. Siku chache baadaye akaingia hospitali ya Muhimbili, akakuta wagonjwa wamelala chini, akamwondoa mkuu wake. Watu wengi walifurahi, na ilikuwa haki yao.

Lakini mjane aliyekuja kufuata hati ya shamba lake hakuja kutazama kiti kilichojaa. Karani mwenye khofu huwahi kufika, kisha karatasi ya mjane huisukuma kwa mkubwa wake, na mkubwa huisukuma kwa mkubwa wake. Kwani asiyetia sahihi hakosei, na asiyekosea hafukuzwi. Na msimamizi wa wodi hujifunza kuificha kasoro kabla ya mkaguzi kufika, badala ya kuisema ikatengenezwa.

Hapa yafaa kutazamwa mpango wa Imamu. Kabla ya la kumi ametaja la nane, kukadiria haki za watu katika Baitul-mali pasi na israfu wala ubakhili, na kuzitoa kwa wakati wake, si mbele si nyuma. Na la tisa, kuwaweka kazini waaminifu. Jicho limekuja mwisho. Tanzania mwaka 2016 upandishaji wa vyeo ulisimamishwa ili watumishi hewa wasakwe. Na ni mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipoongezwa kwa asilimia 23.3. Mwalimu aliyestahiki cheo, akazuiwa kwa kosa la wengine, atahimizwa vipi kwa neno la amana?

Wako watakaosema kwamba mwenye ikhlasi hatazami ujira. Ni kweli, lakini hilo ni baina yake na Mola wake. Mkubwa hana ruhusa ya kulifanya hoja ya kuzuia haki ya mtu, wala Al-Mawardi, aliyekuwa kadhi, hakulitia katika yale kumi.