Je, Ni Ungwana Kuisifu Timu ya Jana?

Wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Methali hii twaifundisha kila mwaka, nao wanafunzi huinakili madaftarini bila ya kuihoji. Lakini dhahabu hupimwa kabla ya kununuliwa. Je, nasi huyapima ya kale kabla ya kuyasifu?

Swali hili lilitujia darasani hapa Busia, mji mmoja uliokatwa na mpaka wa Kenya na Uganda. Tulikuwa tukifundisha insha ya wasifu, na kwa mfano tukachagua timu ya kandanda tuipendayo: Abaluhya, iliyoundwa mwaka 1964, na ambayo tangu 1980, vyama vilipotakiwa kuacha majina ya kikabila, huitwa AFC Leopards. Wapenzi wake huiita Ingwe, yaani chui. Tukasimulia jinsi ilivyotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Tukamsifu Mahmoud Abbas langoni, na Wilberforce Mulamba kwa ufundi wa miguu. Kisha tukahitimisha kwa kusema kuwa vijana wa leo hawaujui mpira.

Mwanafunzi mmoja akainua mkono, akauliza kwa adabu: “Mwalimu, wewe uliwaona wakicheza?”

Hatukuwaona. Miaka hiyo tulikuwa wachanga wa kubebwa mgongoni. Tuliyoyasema tuliyapokea kwa baba yetu, naye pia hakuwaona. Nairobi ilikuwa mbali na nauli haikuwapo. Aliwasikia katika redio, Sauti ya Kenya, kwa vinywa vya watangazaji kama marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025. Kwa hiyo timu tuliyoipenda ilikuwa, kwa kweli, timu ya maneno. Kiswahili ndicho kilichotuonyesha chenga na mabao, hata tukadhani tumeyaona kwa macho.

Je, upenzi wa namna hii ni wa uongo? La, hatudhani hivyo. Mtoto humpenda babu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, wala hakuna amwitaye mwongo. Kosa letu lilikuwa jingine: tuliigeuza kumbukumbu kuwa fimbo ya kuwachapia walio hai. Mchezaji wa leo hukosea mbele ya macho yetu. Yule wa zamani makosa yake yamekwisha kusahauliwa. Hiyo si mizani ya haki.

Mzee mmoja wa upande wa Tororo alitufunza njia bora. Yeye hupenda kusimulia habari za timu ya taifa ya Uganda ya mwaka 1978, iliyofika fainali ya Kombe la Afrika mjini Accra. Hamalizi kabla ya kusema kuwa Ghana ilishinda mabao 2 kwa 0. Wala hasahau kuwa hiyo ilikuwa enzi ya Idi Amin. “Tulishangilia,” asema, “lakini hata siku ile hofu haikutoka nyumbani.” Masimulizi yake yana furaha, kushindwa na woga pamoja, nasi twamwamini zaidi kwa sababu hiyo.

Marehemu Mbotela alikuwa pia na kipindi kilichoitwa “Je, Huu ni Ungwana?” Tulijiuliza swali hilo hilo, jibu likatuelemea. Siku ya pili tulirudi darasani, tukakiri kuwa hatukuwaona, tukawaomba wanafunzi waandike juu ya timu waliyoitazama wao wenyewe. Yule aliyetuuliza aliandika juu ya vijana wa kijiji chao, wanaocheza peku katika kiwanja chenye mteremko. Walifungwa mabao 4. Hakuficha hata moja, na upenzi wake ulionekana katika kila mstari.

Walimu wenzetu, tuyasifu ya kale, kwani ni haki yake. Ila tuseme tuliyaonaje, na tuliyasikia kwa nani.