Mzigo Mgongoni: Ni Kizuizi, au Ndiyo Safari Yenyewe?

Mchezo wa skii hatuujui sana hapa kwetu. Wengi tuliusikia mwaka 1998, Philip Boit alipotuwakilisha kule Nagano, Japani. Lakini leo hebu twende Norway, ambako watu wameuzoea tangu utotoni.

Miji mingi huko ina njia za skii zenye taa, kwenye bustani na misitu iliyo karibu na makazi. Mtu akitoka kazini jioni, anafunga skii miguuni, anashika fimbo zake mbili, anaanza mazoezi. Wengine wanajiandaa kwa mbio za Birkebeiner, kilomita 54 kutoka Rena hadi Lillehammer. Mbio hizo zilianza mwaka 1932, na zina sharti la ajabu: kila mshindani abebe mkoba mgongoni usiopungua kilo 3.5. Chakula na maji havihesabiwi.

Sasa, mbona umbebeshe mzigo mtu aliye mbioni?

Sikiza. Mwaka 1206, Norway ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe, maisha ya mtoto Håkon yalikuwa hatarini. Alikuwa hajafika miaka miwili. Wanajeshi wawili wakambeba, wakavuka naye milima kwa skii katika theluji. Akaokoka, na mwaka 1217 akawa mfalme. Zile kilo ni ukumbusho wa mtoto huyo.

Je, wanajeshi wale wangemwacha, si wangefika haraka? Ndiyo. Lakini wangefika kufanya nini?

Hapo ndipo penye swali letu. Yuko kifungua mimba anayelipa karo ya wadogo zake wanne. Yuko dada anayemwosha mama aliyelala kitandani mwaka wa tatu sasa. Waliosoma nao wamejenga, wamenunua magari. Usiku anajiuliza, "Nisingekuwa na hawa, leo ningekuwa wapi?" Tusimkemee kwa swali hilo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tumwambie tu ukweli huu: saa hupima mwendo wako, haipimi ulichobeba. Umechelewa, sawa, lakini kuna mtu yu hai mgongoni mwako.

Hata hivyo, si kila mzigo ni mtoto. Mingine ni mawe. Deni la mtu mzima mwenye nguvu zake anayekataa kazi ni jiwe. Harusi ya kuonyesha majirani ni jiwe. Jiulize: nikiutua huu, nani ataachwa kwenye theluji? Kama hakuna, utue. Kama yupo, mbebe, lakini kumbuka wale wanajeshi walikuwa wawili. Usione haya kumwambia ndugu yako, "Njoo unipokee kidogo."

Na tusisahau yule wa bustanini. Pale hakuna mzani, angeweza kwenda na mkoba mtupu na hakuna angejua. Lakini anayejiandaa vizuri hutia uzito, ili mabega yazoee polepole. Vijana, nanyi msingoje siku kubwa. Mpelekee nyanya unga wiki hii. Kaa na mgonjwa saa moja ili anayemuuguza alale. Siku ya mzigo mkubwa ikija, itakuta mabega yako yameshafundishwa.