Kumbadilishia Mtu Jiko

Aghalabu twadhani kuwa wema ni jambo jepesi kupima: aliyetoa ametenda, aliyepokea ametendewa. Nami nilikuwa na imani hiyo mpaka nilipombadilishia shangazi yangu jiko.

Shangazi hukaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Jiko lake la mkaa lilifuliwa Gerezani kwa vyuma chakavu. Mdomo wake ulikuwa umeliwa na kutu na tumbo limetoboka. Kiangazi alipikia uani. Masika alilitia chumbani, akafunga dirisha kuzuia mvua. Mkaa uwakao mahali pasipopita hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imeua watu usingizini. Basi nikanunua mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake, na lile kuukuu nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu pasipo kumwuliza mwenyewe. Kosa lilizaliwa hapo, ingawa siku ile nililiita huruma.

Mwezi na siku kadha baadaye nilimkuta akila mkate kwa chai ya kununua. Gesi ilikuwa imekwisha siku nne nyuma.

"Mbona hukuniarifu, shangazi?"

"Mwanangu, mkaa nalinunua kwa kopo, kwa fedha yangu ya ubuyu. Gesi haipimwi kwa kopo. Nije kwako kuomba moto kila mwezi?"

Sikuwa na jibu. Mkaa humfuata mtu kwa kadiri ya pato lake la siku; mtungi humtaka awe na akiba. Wenzetu waliobuni mita ya kuuza gesi kidogo kidogo walilitambua hilo kabla yangu, mimi niliyesoma hata nikapewa udaktari. Kwa moto wake shangazi alikuwa mtu huru, kwa moto wangu akawa mwombaji.

Rafiki yangu mmoja hunipinga. Asema, heri mwombaji aliye hai kuliko huru aliyekufa. Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Tena moshi wa shangazi huingia vyumba vya wapangaji wenziwe, na mkaa wake ulikuwa miti ya Pwani au Morogoro. Uhuru wake, basi, haukuwa wake peke yake. Kwa hiyo siulaumu mkakati wa Taifa wa mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nauliza tu: atahesabiwa nani? Shangazi, kwa siku zile nne, alikuwa na jiko safi na chungu baridi. (Na ajabu nyingine: gesi ya Songo Songo imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004, lakini ya mtungini hutujia kwa meli kutoka ng'ambo.)

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Gerezani pamoja. Safari hii nilinyamaza. Alichagua jiko lenye udongo ndani, lisilokula mkaa mwingi, akasema litakaa uani daima. La gesi litapika chumbani siku za mvua, naye ataliwekea akiba yake katika kopo lile lile la mkaa. Aliomba apunguziwe bei, akapunguziwa. Nilipotia mkono mfukoni, alinishika kiwiko, akafungua pindo la khanga yake.