Wanja wa Manga Katika Macho ya Mtoto

Bismillahi Rahmani Rahimi. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zangu wa Kimbiji na pwani hii, liko jambo tulifanyalo kwa mapenzi. Mtoto hajatimiza arobaini, naye amekwisha tiwa wanja machoni na kupakwa nyusi, ili akingwe na husuda na macho yapate nguvu. Mama akiulizwa hujibu kuwa ni suna.

Kweli, Mtume wetu (s.a.w.) aliusifu wanja wa ithmidi, kama alivyopokea Ibn Abbas, kuwa hung'arisha macho na kuotesha kope. Walakini jiwe hilo lina jina lake, na wengi wamelifasiri kuwa ni antimoni. Liuzwalo kwa jina la wanja wa manga mara nyingi silo: ni jiwe la risasi, jeusi lenye kumetameta, na katika ratili 100 za jiwe hilo safi, ratili 86 na zaidi ni risasi tupu. Kwa kutazama tu huwezi kuyapambanua. Mwaka 1998 wataalamu walichapa habari za wanja utumiwao Oman, huko huko Manga, wakakuta risasi katika baadhi yake.

Wahindi nao, katika utabibu wao wa kale uitwao Ayurveda, walilitia jiwe hilo katika dawa za macho waziitazo anjana, wakilisaga kwanza kwa maji ya majani ili kulitakasa. Hekima yao katika mengi siikatai. Lakini risasi haigeuki kitu kingine kwa kusagwa na majani.

Madhara hayaonekani siku ile. Mtoto hufikicha jicho, kisha hutia kidole kinywani. Risasi ikaingia damuni, ikakaa mifupani, ikapunguza akili. Shirika la Afya Duniani lasema hapana kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama.

Abu Huraira amepokea kwamba Mtume alikataza dawa mbovu, nayo ikafasiriwa kuwa ni sumu. Basi tutaishikaje suna kwa kitu alichokikataza mwenye suna? Na husuda tumefundishwa kujikinga nayo kwa Falaki na Nasi.

Nawe muuzaji, kumbuka lile lundo la chakula sokoni Madina, Mtume alipotia mkono akakuta majimaji chini. Mwenyewe alisema ni mvua, asikubaliwe kuyaficha. Wewe usiyejua kilichomo kichupani, wamwambiaje mnunuzi kuwa ni ithmidi?

Aliyekwisha mtia mwanawe aache leo hii, amwoshe uso na mikono, ampeleke hospitali, amweleze daktari habari ya wanja ili damu ipimwe risasi.

Wabillahi taufiki.