Mnyonge na Mtukufu Mbele ya Hukumu

Februari 2024 huko Kangai, Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya, pombe haramu iliua watu wasiopungua 17. Mwezi uliofuata Serikali ikatoa amri kali juu ya wauzaji, na watu wakashangilia. Lakini sumu ile ilielezwa kuwa imetoka kituo cha polisi cha Kiamaciri, ilikowekwa kuwa ushahidi!

Mtume (s.a.w.) alitufunza kuwa waliotutangulia waliangamia kwa kumwacha mwizi mtukufu na kumwadhibu mnyonge. Nasi watu wa pwani hufurahi kijana mla unga akipigwa na kufungwa. Je, aliyeuleta unga ule, si ndiye tunayemketisha safu ya mbele harusini?